Ukuta wa Sifuri Mia na Arobaini

Sadri, 24 Julai 1986

Binti yangu Manjula,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, kwa kiwango cha nyumba hii. Goti la mama yako sasa linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Tofauti ni kwamba redio hukosea bila kulalamika. Pushpa, mke wa kaka yako, ameingia mwezi wa tano wa ujauzito na ameikataa dengu. Anasema inanuka. Rikhab naye ameikataa ili kumuunga mkono mkewe, kwa hiyo dengu ya nyumba nzima naimaliza mimi, mchana, na tena jioni kabla jua halijazama. Ng'ombe amezaa. Dukani sufuria za chuma cha pua zinatoka. Za shaba zinakaa rafuni zinanitazama.

Barua yako ya mwezi wa tano niliipata. Yale uliyouliza mwishoni nimeyasoma. Mvua imeanza vizuri.

Sasa kuna jambo. Ule ukumbi wa masomo pembeni ya hekalu umeezekwa. Ukuta wa mbele ni marumaru tupu, na kamati imeamua uchongwe ile namba yetu kuu, Shirsha-prahelika, ya mwisho ambayo wazee waliipa jina katika kuhesabu miaka. Baada ya hapo waliacha namba wakaanza kuzungumzia mashimo yaliyojaa nywele, na miaka ya kuyamaliza ukitoa unywele mmoja kila miaka mia. Kila mtu hapa anajua inavyopatikana: unaandika laki themanini na nne mara ishirini na nane, kisha unazizidisha zote. Hakuna aliyewahi kuzizidisha.

Mwenyekiti Mohanraj Lodha akasema kikaoni, "Ghevarchand, mtu wa hesabu hapa ni wewe."

Nikamwambia, "Mimi ni mtu wa sufuria."

"Ndiyo maana. Sufuria hazikuchoshi."

Mwalimu wa sekondari alileta kikokotoo chake cha Kijapani. Kilifika mahali kikaandika herufi E, kikanyamaza. Basi nikafanya kwa kalamu, kama tulivyokuwa tukifanya mimi na wewe kwenye karatasi za kufungia vyombo, ulipokuwa hujafika kimo cha kaunta. Sifuri niliziweka kando kwanza: kila laki themanini na nne ina sifuri tano, kwa hiyo zote pamoja ni mia na arobaini. Ikabaki themanini na nne ijizidishe. Nimepata tarakimu hamsini na nne. Hizi hapa, nimezikata tatutatu zisikuumize macho:

758 263 253 073 010 241 157 937 569 975 696 406 218 966 848 080 183 296

Nyuma yake zifuate sifuri zote. Nimeipima kwa tisa kama baba yangu alivyonifundisha. Tarakimu zikijumlishwa zinaleta 252, nayo hiyo ikijumlishwa inaleta tisa, kama inavyopasa. Imekubali. Mchonga mawe, Jethalal Sompura, anaanza kazi wiki ijayo. Watawa wakikupa nafasi ya kupumua, nawe itazame. Wewe hukuwahi kuniamini hata nilipokuwa sahihi.

Mama yako anasema usilale kwenye sakafu yenye unyevu.

Baba yako,
Ghevarchand Ranka


Radhanpur, 11 Agosti 1986

Baba,

Shikamoo. Miguu yako iko mbali, lakini nimeinama kuelekea Sadri, na mtawa mmoja aliyenikuta hivyo akaniuliza kama nimeangusha sindano.

Mimi sijambo. Watawa hawatembei msimu wa mvua, wasije wakakanyaga kila kinachoota na kutambaa njiani, kwa hiyo tumetulia hapa mpaka mwezi wa kumi na moja. Bado navaa nguo zangu za rangi na nywele zangu zipo kichwani. Mimi ni mtu wa kutazamwa kwanza. Nachemsha maji, nasoma, nafagia. Guruni Punyaprabha, mkuu wao, anasema nafagia kama mtu anayefukuza kuku. Mwambie mama sakafu ni kavu. Mwambie Pushpa anyonye limao kabla ya chakula. Mwambie Rikhab ale dengu. Kichefuchefu si cha kwake.

Baba, nilikuuliza jambo mwezi wa tano, ukanijibu kwa ng'ombe. Nauliza tena, na safari hii naliweka katikati ya barua usije ukasema umeishia juu. Nataka kuwa mtawa. Guruni hanipokei bila ruhusa yako. Mama ameshakubali, alilia, lakini alikubali. Yako lazima iandikwe kwa mkono wako, kisha isemwe kwa kinywa chako mbele ya watu. Bila hiyo nitabaki mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, mpaka nizeeke. Hilo ndilo swali. Halihitaji kalamu ya rangi mbili kama hesabu za duka.

Kuhusu namba: imekosewa.

Najua utasema tisa imekubali. Tisa haina macho, Baba. Inajumlisha tu. Ukichukua tarakimu zako zote ukazikoroga kama mchele kwenye ungo, bado zitaleta 252 na tisa itakubali na kukushukuru. Ndiyo maana babu aliipenda dukani: ilikuwa haigombani na mtu.

Jaribu saba. Themanini na nne ni saba mara kumi na mbili, kwa hiyo saba imo ndani ya kila moja ya zile ishirini na nane. Namba ya kweli lazima igawanyike kwa saba bila kubaki kitu. Kupima ni rahisi, maana umeshazikata tatutatu. Anza mkiani: chukua 296, toa 183, ongeza 080, toa 848, endelea hivyo kutoa na kuongeza mpaka mwanzo. Namba ikigawanyika kwa saba, na hicho utakachopata kitagawanyika. Mimi nimepata 545. Gawa kwa saba: inabaki sita.

Mahali fulani mkono wako umeteleza. Mwambie Jethalal aweke patasi chini.

Usilisahau la katikati.

Manjula


Sadri, 14 Septemba 1986

Binti yangu Manjula,

Siku za kuombana msamaha zimepita nami nimekuandikia wewe wa mwisho, kwa sababu wa karibu husubiri. Kama wengine wote nilikaa hekaluni jioni ya mwisho, nikaomba radhi kwa laki themanini na nne za namna za kuzaliwa: walio udongo, walio maji, walio moto na upepo, wanaoota, wanaotambaa, wanaoruka, na sisi wenye maduka. Basi na wewe, kama nimekuudhi kwa kujua au kwa kutojua, kwa neno, kwa tendo au kwa mawazo, naomba msamaha.

Nyumbani si pabaya. Mama yako alifunga bila kula siku nane, na siku ya tisa akanigombeza kwa sauti iliyojaa afya. Pushpa amerudi kwenye dengu. Rikhab hajarudi, nadhani hakuwahi kuipenda.

Ulisema kweli kuhusu saba. Nilikaa na hizo kutoa-na-kuongeza zako, nikapata 545 mara nne, kisha nikamtuma mtu kwa Jethalal. Lakini Jethalal alikuwa ameshaanza. Usishtuke. Ni mtu mwenye akili, alisikia kuna mabishano kuhusu tarakimu za mbele, akaona sifuri hazibishaniwi na mtu. Amechonga sifuri zote. Mia na arobaini, kwa safu, duara safi kama mdomo wa lota, kile chombo kidogo cha maji, na mbele yake nafasi tupu.

Mohanraj alikuja dukani amevimba. "Watu wanacheka, Ghevarchand. Tumejenga ukumbi wa marumaru kuutangazia mji kwamba hatuna kitu."

Nikamwambia, "Subiri. Zikipata kiongozi zitakuwa na thamani."

"Hayo ndiyo maneno ya wanasiasa," akasema, akanunua jagi la maji, kwa hasira.

Nimefanya hesabu upya. Kosa lilikuwa kwenye fungu la nane: niliandika 937, ilitakiwa 973. Namba kamili iko kwenye karatasi niliyoifunga pamoja na barua hii. Tisa imekubali, na saba yako nayo imekubali, nimeipima. Ila sasa nimejifunza kutoamini haraka. Ipime wewe vizuri, polepole.

Na lile la katikati nimeliona. Nitakujibu siku namba hii itakapokuwa sahihi bila shaka yoyote. Si kabla. Mtu ambaye hajawa na uhakika na tarakimu hamsini na nne asiharakishwe kuhusu mambo makubwa zaidi.

Mama yako ametuma mikate mikavu. Usigawie wote.

Baba yako


Radhanpur, 9 Oktoba 1986

Baba,

Shikamoo.

Mikate ilifika imevunjika, tukaila imevunjika. Niligawia wote. Nami nakuomba msamaha kwa kila nililokukosea, na kwa barua hii hasa, maana nina hasira, na hasira hapa tunatakiwa kuitaja jina ndipo tuiache. Nimeshaitaja.

Nimeipima namba yako ya pili. Tisa imekubali. Nikatoa na kuongeza mafungu, nikapata 518, ambayo ni saba mara sabini na nne kamili. Saba ikakubali. Nilifurahi kiasi kwamba Guruni alinitazama.

Kisha nikakumbuka kwamba saba zimo ishirini na nane ndani yake, si moja. Ukiigawa kwa saba, jibu nalo lazima ligawanyike kwa saba, na jibu la hilo nalo, hivyo hivyo mpaka zikome. Nikaigawa mara ya kwanza, vizuri. Mara ya pili ikakataa.

Nikachukua barua zako mbili nikaziweka ubavu kwa ubavu. Fungu la nane umelirekebisha, kama ulivyosema. Lakini fungu la kumi na tatu, ambalo kwenye barua ya kwanza lilikuwa 218, sasa limekuwa 281. Lilikuwa sahihi, ukaliharibu.

Mkono unaweza kuteleza mara mbili, najua. Lakini nimelitazama kosa hili kwa muda mrefu. Tarakimu mbili jirani zikibadilishana nafasi, tisa haioni kamwe. Ili saba nayo isione, lazima hizo mbili zipishane kwa saba, kama moja na nane. Nimepita namba yote kutoka kichwani hadi mkiani. Majirani wa namna hiyo wako sehemu nne tu. Mkono unaoteleza hauendi kutafuta mlango mmoja katika hiyo minne. Anayeupata ni mtu aliyekaa chini, mwenye namba ya kweli mbele yake, akauliza: nilifiche wapi kosa, binti yangu asilione?

Unayo namba sahihi, Baba. Ulikuwa nayo ulipoandika kuomba msamaha.

Nami ninayo sasa. Nimelirudisha 218 mahali pake, na saba imekubali mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Nimeiandika nyuma ya karatasi yako mwenyewe na naituma. Mpe Jethalal. Ulisema siku namba itakapokuwa sahihi utanijibu. Ahadi ni deni, na hili si deni la kulipa kwa ng'ombe.

Mwambie mama nalala pakavu.

Manjula


Harij, 3 Desemba 1986

Baba,

Shikamoo.

Tuko njiani tangu mwezi wa kumi na moja ulipofika nusu. Tunatembea peku, kijiji hadi kijiji. Nyayo zangu sasa ni ngumu. Mama angezitumia kusugulia masufuria. Barua zipelekwe kwa muuza nguo wa jumuiya pale Patan, tutafika huko baada ya mwaka mpya wa Kizungu.

Sijapata neno kutoka kwako tangu nilipotuma namba. Nimejaribu kufikiri ni posta. Kila tunapofika nauliza kama kuna barua ya Sadri, na kila mahali mtu mwema ananiletea maji badala yake. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini huu mshindo sijausikia bado, nasikia kimya tu.

Guruni aliniuliza juzi, tukiwa tumepumzika kwenye kivuli cha ukuta wa watu, "Unamwandikia baba yako, au unaiandikia namba?"

Nikasema, "Sijui mpaka wa mmoja na mwingine uko wapi, Guruni."

"Basi utafute," akasema. "Hiyo ndiyo kazi yako ya wiki hii. Kufagia umeshajua."

Nimeutafuta, na nakwambia nilichopata. Nilikuwa nimeficha jambo. Kila ulipotuma tarakimu, nilirudi kwenye kaunta ya duka, miguu haigusi chini, wewe unasema namba na mimi nasema baki. Ulijua. Ulijua kwamba kwa kitu kingine chochote ningeshindana nawe, ila kwa hiki ningeketi nikacheza mpaka nizeeke. Sikuandika hivyo kwa sababu niliogopa ungeongeza mtego.

Kama ni hapana, andika hapana. Mbele ya hapana najua kukaa. Nitasubiri, nitauliza tena mwakani na mwaka unaofuata. Mbele ya namba sijui kukaa. Naipenda.

Pushpa amejifungua? Hakuna anayeniambia kitu.

Manjula


Sadri, 6 Januari 1987

Binti yangu Manjula,

Nimechelewa. Sitaisingizia posta, maskini, ina dhambi zake za kutosha.

Pushpa amejifungua salama, mtoto wa kike, siku zilezile ambazo barua yako ya Harij ilikuwa njiani. Ana nywele nyingi na sauti ya mwenyekiti wa kamati. Rikhab anamshika kama mtu aliyepewa chungu cha mafuta ya moto. Jina hana. Wanamwita Kidogo, na mama yako anasema hilo si jina, ni kipimo. Lakini kwa desturi jina hutolewa na shangazi, na shangazi yake anatembea peku kati ya Harij na Patan. Kwa hiyo tunasubiri.

Karatasi yako ya Oktoba niliificha kwenye lile degi la shaba, sufuria kubwa ya karamu, ambalo umeliona dukani tangu utotoni. Nilidhani hapo ni salama. Mwezi wa kumi na mbili akaja mtu kutoka Falna anataka degi la harusi, akalifunua, akaniuliza kama karatasi inauzwa pamoja nalo. Mohanraj alikuwa amekaa hapo hapo dukani, anakunywa chai.

Akaisoma. Si mtu wa hesabu, lakini anajua mwandiko wa watu.

"Hii ni ya Manjula. Ya mwezi wa kumi."

"Ndiyo."

"Na ni sahihi?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ukuta wangu umekaa na sifuri tupu miezi miwili, na namba iko ndani ya degi." Akanywa chai mpaka mwisho. "Nikuulize, bwana. Unachelewesha ukuta au unachelewesha binti?"

Nilimuuzia yule mtu degi bila kubishana. Mohanraj anasimulia hilo mjini kama ushahidi kwamba nilikuwa mgonjwa.

Basi nisikilize. Kosa la kwanza lilikuwa la mkono. Kosa la pili nililitengeneza, na nilifanya kazi nzuri, nilitumia jioni mbili. Nilijua tisa haioni. Nikatafuta jinsi ya kuifumba saba nayo macho, nikapata wale majirani wanne uliowapata wewe, nikachagua mmoja. Sikukumbuka kugawa mara ya pili. Ulipoliona, nilikasirika, halafu nikatembea chumbani nikimwambia mama yako, "Ameliona, ameliona," kama mpumbavu aliyeshinda bahati nasibu. Mama yako akaniuliza, "Sasa wewe uko upande gani?" Nikaenda kuificha karatasi ndani ya degi, ndiyo maana hukupata barua.

Umesema kama ni hapana niandike hapana. Niliketi kuandika hapana. Kalamu haikukataa, iliandika vizuri kabisa, na niliposoma nikaona si kweli. Nikaandika ndiyo, hiyo nayo haikuwa kweli. Nimejaza karatasi nyingi za kufungia vyombo kwa maneno hayo mawili, na wateja wamezipeleka nyumbani kwao.

Hiki hapa ndicho kilicho kweli. Sitaki. Sitaki ukate nywele, sitaki utembee peku juani, sitaki jina lako liondoke. Siku ile ya sherehe nitakuwa nimeingia na binti na kutoka bila, na mimi ndiye nitakayeinama kukushika miguu. Nimeuza vyombo vya harusi kwa nusu ya mji huu, na degi lako wewe nililiweka kando tangu ulipozaliwa. Ndilo hilo lililokwenda Falna.

Lakini nimesoma barua zako zote upya, tangu ya mwezi wa tano, na hakuna mahali uliponiuliza kama nataka. Umeniuliza kama naruhusu. Naruhusu. Sitaki, na naruhusu. Imenichukua zaidi ya nusu mwaka kujua kwamba mtu mmoja anaweza kuyabeba yote mawili.

Karatasi ya ruhusa imo humu, kwa mkono wangu, na Mohanraj na Rikhab wametia sahihi zao kama mashahidi. Ya kinywa nitakuja kuisema.

Jethalal ameanza kuchonga. Nilisimama nyuma yake alipofika fungu la kumi na tatu. Akaniambia, "Mzee Ghevarchand, unaniziba mwanga." Nikasogea.

Baba yako


Patan, 2 Februari 1987

Baba,

Shikamoo. Hii nimeiandika taratibu, kwa sababu nimehesabu barua nilizobakiwa nazo, na ni hii moja.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Guruni akauliza, "Amekubali?" Nikamsomea mahali uliposema hutaki na unaruhusu. Akaichukua akaisoma mwenyewe. Kisha akasema, "Baba yako hajui, lakini huko ndiko tunakojaribu kufika sisi tuliovaa nyeupe." Usivimbe kichwa. Akaongeza kwamba umechukua muda mrefu sana kufika.

Sherehe ni wakati wa mwezi mpevu wa Machi, hapa Patan. Njoo na mama, mpande basi la asubuhi asikae sana na goti limekunjwa. Rikhab na Pushpa waje kama mtoto anaruhusiwa kusafiri. Siku hiyo nitapewa jina lingine, sijui lipi. Kuanzia hapo sitaandika barua, wala sitakuwa binti wa nyumba wala shangazi wa mtu. Kwa hiyo la mtoto nalifanya sasa, ningali shangazi.

Nimefikiria majina mengi mazuri. Halafu nikaona kuna moja litakalobaki halina mwenyewe kuanzia Machi, halijachakaa sana, na nyumbani mmeshalizoea. Mpeni Manjula.

Mama atalia. Mwambie aite kwa sauti, atazoea haraka.

Sasa namba. Nilimwomba Guruni ruhusa ya kuigawa kwa saba, mpaka mwisho, ili niwe na hakika nayo. Akasema, "Gawa, lakini usiing'ang'anie." Nimeigawa njiani, kituo hadi kituo, kwenye vumbi na nyuma ya makaratasi ya maduka. Kila mara imekubali na kila mara imekuwa fupi. Ilikuwa na tarakimu hamsini na nne, sasa imefika thelathini na mbili. Nimegawa mara ishirini na saba.

Ya ishirini na nane sikuifanya. Nilikuwa nimeshaweka kalamu juu ya tarakimu ya kwanza. Imebaki saba moja tu ndani yake, na baada ya hiyo haina tena. Karatasi ni hii hapa. Igawe wewe, Baba. Wewe ndiye uliyeanza.

Nashika miguu yako na ya mama.

Manjula


Sadri, 20 Aprili 1987

Kwa Mtawa Samyakprabha, kwa mkono wa muuza nguo wa jumuiya, Patan

Naweka kichwa changu miguuni penu, Mtawa.

Mimi Ghevarchand Ranka, muuza vyombo wa Sadri, nauliza hali yenu, kwa wingi wa heshima kama ilivyo desturi. Je, mwili una amani? Je, safari inakwenda bila udhia? Najua hamwandiki, kwa hiyo sisubiri jibu. Nimezoea kuwa upande wa pili wa kimya, na ni haki yangu.

Siku ile Patan niliyasema yaliyopaswa kusemwa. Wanasema sauti yangu haikusikika safu ya nyuma. Mliinua uso, kwa hiyo najua ya mbele ilisikia. Mlipotoka na nguo nyeupe na kichwa kitupu, watu wote wakainama, nami nikainama nao. Mama wa nyumba yangu alinishika mkono kuniinua, yeye mwenye goti.

Ukumbi umefunguliwa. Namba imekaa ukutani, yote, na sifuri zake zimepata kiongozi. Mohanraj anawapokea wageni na kuwaeleza kwamba inapita tisa na saba, kana kwamba yeye ndiye aliyezipitisha. Wanawake wakisubiri mafundisho wanapitisha vidole kwenye sifuri, na mafungu mawili, la nane na la kumi na tatu, yameanza kung'aa kuliko mengine. Hilo ni kosa langu. Huwa nayagusa nikiingia.

Manjula ameota jino mapema. Akipakatwa kwenye kaunta hudondosha kila kijiko anachoshikishwa na kututazama, kama anayesubiri aone nani ataokota. Pushpa akimwita, mimi hugeuka kabla ya mtoto. Nadhani nitaacha, au sitaacha, tutaona.

Ile karatasi ya tarakimu thelathini na mbili iko kwenye rafu ya shaba, chini ya lota ambalo haliuzwi. Mlisema niigawe. Nimekaa nayo mara kadhaa, kalamu mkononi. Ni dakika chache tu, najua, na najua jibu litakuwa safi.

Sijaigawa. Nimeiacha na saba yake moja.

Mkiona ni kushikilia, mniombee. Kama nimewaudhi kwa kujua au kwa kutojua, naomba msamaha. Na safari hii najua ni kwa lipi.

Ghevarchand